Mzee Nzivo na Filamu ya Dereva wa Gari la Farasi

Josiah Nzivo anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa Agosti 2025, baada ya kuutunza Ukumbi wa Jamii wa Tujenge hapa Mowlem, Nairobi, kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza akiwa mlinzi, akawa mfagizi, akawa fundi wa umeme bila kutumwa na mtu, mwishowe akapewa cheo cha msimamizi wa ukumbi pamoja na funguo zote, hata zile ambazo hakuna anayejua zinafungua nini. Bwana Kweyu, meneja wetu, ameniomba niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Mfupi sijui. Wa kuchangamsha nitajaribu, lakini Bwana Kweyu mwenyewe anajua hali ilivyo, na juzi nilimwona akijifungia ofisini kwa kufuli mbili saa nane mchana.

Wengi mmemwita Mzee tangu akiwa kijana, maana alizaliwa na uso wa mtu anayewaza karo. Alitoka Kathonzweni, Makueni, akiwa na vifaa vyake vya kuchonga, na mara ya kwanza kuingia hapa alikuja kurekebisha mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu. Alimaliza mlango, akaona dirisha, akatengeneza dirisha, na kufikia jioni meneja wa wakati huo akaona ni heri amwajiri yaishe. Tangu siku hiyo hakuna kiti kilichovunjika hapa kikalala kimevunjika. Harusi, matanga, mikutano ya kina mama, chanjo za watoto, yote yamepita mikononi mwake. Na kila aliyewahi kukodi ukumbi huu anakumbuka alivyofokewa kwa kubandika maua ya karatasi kwenye rangi mpya.

Lakini tuseme ukweli, jina lake halikukua kwa sababu ya viti. Lilikua kwa sababu ya filamu moja. Zamani kulikuwa na gari la sinema lililozunguka mitaani likitangaza sabuni na mafuta ya kupikia, na biashara hiyo ilipokufa, mwenye gari aliacha hapa sanduku la filamu akisema atalirudia. Hakurudi. Panya walizila karibu zote, ikabaki moja ya kikauboi, nyeusi na nyeupe, ambayo jina lake limekwaruzika kabisa. Hapa mtaani tunaiita "Ile ya Dereva". Nzivo ameihamisha kutoka mikanda hadi kaseti, kutoka kaseti hadi sidii, na sasa imo kwenye flashi anayoivaa shingoni kwa uzi wa kiatu. Ameionyesha kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, kwa miaka yote hii, na watu hawaichoki.

Kisa chenyewe ni chepesi. Katika mji mdogo wenye vumbi, mjane mmoja amewaona wanaume watatu wakimuua jirani yake. Mahakama iko mbali, ng'ambo ya vilima, na kazi ya kumfikisha huko inamwangukia dereva wa gari la farasi la posta, mtu wa makamo mwenye mgongo mbaya na watoto wanne. Wale watatu wametuma habari kwamba watamngojea njiani. Watu wa mji wanafunga milango kabla hawajaombwa kitu, na yeye hawaombi. Anafunga farasi wake, anampandisha mjane, anaondoka. Mjane anafika mahakamani na kusema aliyoyaona. Dereva, wakati wa kurudi, harudi.

Kiingereza cha makauboi wale hakuna anayekielewa, wanaongea kama watu wenye ugali mdomoni. Kwa hiyo Nzivo hushika maikrofoni akatafsiri, na tafsiri ni yake mwenyewe. Mjane anaongea kama nyanya wa Kathonzweni, hakimu anaongea kama chifu aliyecheleweshewa chai, farasi wote wawili wana majina ya Kikamba, na dereva akishikwa na njaa hutamani ndengu za Ukambani. Mwaka fulani afisa mgeni alisimama akatueleza kwamba dereva hakutaja ndengu mahali popote katika filamu ile. Aliombwa akae chini, na si kwa maneno ninayoweza kuyaandika kwenye programu ya sherehe. Siku nyingine stima ilipotea katikati, Nzivo akaendelea kusimulia gizani mpaka mwisho, na hakuna aliyetoka. Stima iliporudi na picha ikaanzia ilipokuwa imeachia, watu walilalamika kwamba filamu imechelewa.

Ikiisha, huruhusiwi kutoka bila kutoa maoni. Huo ndio utaratibu wa Nzivo. Anayesema angefuatana na dereva anahamia upande wa dirisha, anayesema angebaki kwake anakaa upande wa mlango. Upande wa dirisha unapigwa na jua la mchana moja kwa moja, kwa hiyo ukitaka kuwa shujaa hapa Mowlem lazima utoke jasho. Kisha maikrofoni inazungushwa, na hapo ndipo sinema ya kweli huanza.

Nalianya, fundi wa mageti, amekaa dirishani tangu nimjue. Maoni yake hayabadiliki: "Wasee watatu tu? Hao ningewakanyagia hapo hapo, niendelee na safari." Mama Ndambuki, fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, yeye ni wa mlangoni na haoni haya. Kila mara huuliza nani atawasomesha watoto wanne wa dereva, mjane au hakimu? Kuna wanaolia kwa ajili ya farasi. Kuna binti mmoja wa Donholm aliyewahi kuuliza mbona tunamjadili dereva peke yake na hakuna anayejali mjane alijisikiaje kule nyuma ya gari, na wanaume wakamwambia huyo ni abiria tu. Vijana wa Kware nao wana lao: "Buda, hiyo ni job yake, si analipwa? Acha aende." Na hoja hiyo ndiyo iliyoshinda mara nyingi zaidi. Ni kazi yake. Watu walikuwa wakiitikia kwa vichwa pande zote mbili, kisha wanaenda nyumbani kupika wakiwa wametulia kabisa. Ukiwaona mashujaa tuliokuwa nao Jumamosi mchana, ungedhani mtaa huu hauibiwi hata kuku.

Hapo ndipo ningemalizia kama huu ungekuwa mwaka wa kawaida.

Januari, alfajiri, vibanda vya soko dogo nyuma ya ukumbi vilichomwa. Kiwanja kile kina watu wanaokitaka, mnawajua, mimi siwataji. Mlinzi wa vibanda, Makokha, aliyekuwa akitusalimia sote kwa majina ya watoto wetu, alifia ndani. Vijana wawili walikamatwa, na mtaa mzima ukasema haukuona kitu. Nasike alikuwa ameona. Nasike ndiye anayeuza mandazi kwenye ngazi za ukumbi wetu, mama wa watoto wawili, mpole wa kuongea. Siku hiyo alikuwa ameamka kukanda unga, akawaona vijana wale wakipita na mtungi wa mafuta, na akawaona wakirudi bila mtungi. Akanyamaza. Ungemlaumu? Mimi simlaumu hata leo.

Jumamosi ya mwisho ya Februari, Nzivo alionyesha filamu kama kawaida. Juu ya paa letu kuna spika mbili za pembe, zile tunazotumia kutangaza mtoto aliyepotea au lori la maji lililofika, na sauti ya spika hizo huvuka mto hadi Dandora. Siku za filamu Nzivo huziwasha dakika za mwanzo ili kuita watu, kisha huzizima. Siku hiyo hakuzizima. Sina maelezo mengine. Mtu aliyefanya jambo lile lile kwa miaka thelathini na mmoja, siku moja alisahau.

Filamu ikaisha, maikrofoni ikazunguka, ikamfikia Nasike, ambaye kwa kawaida huipitisha tu kwa jirani. Safari hii aliishika. Alisema yeye hataki kuongea juu ya dereva, anataka kuongea juu ya yule mama. Alisema anamwelewa, kwa sababu ukishaona kitu kama kile, unakula nacho, unalala nacho, na watoto wakikuita unashtuka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kabisa: "Mimi pia niliwaona. Wale wa Makokha. Nawajua kwa sura." Aliyasema kwa sababu aliona yuko ndani, kati ya watu wake, milango imefungwa. Wachache walianza kumpa pole. Ndipo Mama Ndambuki, ambaye siku hiyo hakuja kwa sababu ya kazi, alipoingia mbio na futi yake ya kupimia nguo shingoni, bila viatu, akipiga kelele: "Zima! Zima hiyo kitu, mtaa mzima unasikia!"

 Huko nje kulikuwa kimya. Redio za madukani zilikuwa hazisikiki, maana watu walikuwa wamezipunguza wamsikilize. Nzivo alikwenda akabonyeza swichi, akabaki amesimama pale ameikazia macho. Nasike hakulia. Alikusanya beseni lake, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kwa mlango wa nyuma, na sisi sote, wa dirishani na wa mlangoni, tulimpisha bila kumgusa.

Jioni ile ile wanaume wawili walikuja wakanunua soda kwenye duka la mbele yetu, wakainywa polepole wakiangalia lango. Hawakuuliza kitu. Jumatatu tukaanza kuokota viberiti. Kiberiti kimoja, kipya, kimewekwa vizuri kwenye ngazi anapokaa Nasike. Kingine kwenye dirisha la chumba cha Nzivo. Bwana Kweyu akasema ni mtu amesahau. Alhamisi nikafungua ofisi yangu, ambayo nilikuwa nimeifunga mwenyewe, nikakuta kiberiti katikati ya meza, juu ya karatasi zangu. Haki ya Mungu! Nilikaa chini sakafuni na mkoba wangu mapajani, mtu mzima, mama wa watu. Nzivo alikuja, akakichukua, akakitia mfukoni, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Nilimwona mkono wake ulivyokuwa ukitafuta mfuko bila kuupata.

Alikwenda kumwomba Nasike msamaha. Mara mbili hakufunguliwa. Mara ya tatu Nasike alifungua mlango nusu, akamwambia: "Mzee, umeniua." Basi. Nzivo alinihadithia hayo mwenyewe. Kesho yake asubuhi na mapema Nasike alipotoka na beseni lake, alimkuta Nzivo kwenye ngazi za jengo lao, amekaa na koti lake la mvua. Hakumsalimia. Nzivo alimfuata nyuma kwa hatua kadhaa mpaka ukumbini, na jioni akamrudisha vile vile. Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Kwanza hawakuzungumza. Baadaye nikamwona akiwa ndiye amebeba beseni, na Nasike akimkaripia kwamba analiinamisha.

Wapelelezi walikuja, kama ilivyotarajiwa, na Nasike akakubali kuwa shahidi. Aliniambia sababu yake, na haikuwa ya kishujaa. Alisema wale watu wameshamjua, kwa hiyo akinyamaza ataogopa bure, na akisema ataogopa kwa kitu. Washtakiwa walikuwa nje kwa dhamana. Tulikuwa tunapishana nao kwenye duka la unga, na mmoja wao alikuwa na tabia ya kukupisha upite kwanza, kwa adabu kabisa, jambo ambalo lilinitisha kuliko matusi.

Siku ya kesi ilikuwa Mei. Wiki nzima Nzivo alipita kwa watu wa dirishani, mmoja mmoja, akiwaomba waje tu wakae mahakamani, hata wasiseme kitu. Nalianya alishikwa na tumbo. Mwingine alikuwa na geti la kupeleka Kayole, mwingine mkwewe alikuwa anakuja. Sisi wa ofisi tulikuwa na ofisi. Wengine walimjibu kwa neno lile lile: Mzee, hii si ndiyo kazi yako? Mama Ndambuki peke yake ndiye aliyesema wazi kwamba anaogopa, kisha akafunga mlango wa kibanda chake na cherehani ikanyamaza siku nzima.

Walikwenda na gari la mkate. Dereva wake ni mtu wa kwao Nzivo, na alikubali kwa sharti moja, kwamba hataruka mteja hata mmoja, asije akafutwa kazi. Kwa hiyo Nasike na Nzivo walikaa nyuma gizani kati ya kreti, na gari likasimama kwenye kila duka, Mowlem yote, Umoja yote. Kila liliposimama, milango ya nyuma ilifunguliwa kwa kishindo na mkono wa mtu ukaingia. Mkono wa kuchukua mkate, lakini wao wangejuaje? Nasike anasema katikati ya Umoja aliacha kuomba kwa maneno, akabaki ameshika kona ya koti la Nzivo. Nzivo alikuwa akimwambia kila mara kwamba hilo ni duka la mwisho. Walifika wakinukia mkate, hata askari wa langoni akacheka.

Nasike alisema aliyoyaona. Alisema yote, mbele yao, na mmoja wa washtakiwa alikuwa akitabasamu tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha ikabidi warudi. Sisi tuliokuwa hapa tulijua filamu inavyoisha, kila mmoja wetu anaijua kwa kichwa, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Nilisimama dirishani tangu saa sita. Nilimkasirikia kila mtu aliyepita asiyekuwa wao. Saa kumi waliingia kwa lango la nyuma, wote wawili, vumbi tupu, na Nzivo akaanza kuongea. Yule mtu ambaye bila maikrofoni hasemi maneno matano kwa siku, aliongea mpaka jioni kuhusu pampu ya maji ya shemeji yake. Tukamwacha aongee.

Tulidhani yamekwisha. Mwezi wa saba hakimu akahamishiwa mji mwingine, jambo la kawaida kazini, na ikaamuliwa kesi isikizwe upya. Yote. Shahidi arudi aseme tena kama ambaye hajawahi kusema. Tarehe ni kumi na sita Septemba, Jumanne. Naiandika bila kuficha, maana wale wasiotakiwa kuijua waliijua kabla yetu, na viberiti vimeanza tena.

Jumamosi ya mwisho ya Julai Nzivo alionyesha filamu kwa mara ya mwisho. Spika za paa alikuwa amezing'oa nyaya kabisa. Watu walijaa, lakini hakuna aliyecheka hata pale penye ndengu. Ilipoisha, akasimama mbele, akasema kama kawaida kwamba wa kwenda waende dirishani, wa kubaki mlangoni. Hakuna aliyeondoka kwenye kiti. Halafu mmoja akaenda mlangoni, akafuatwa na mwingine, wakajaa huko mpaka wengine wakasimama. Nalianya alibaki katikati ya ukumbi na kofia mkononi. Akasema, si kwa sauti yake ya siku zote, kwamba lakini dereva alikuwa kazini. Nzivo akamwuliza, na asingekuwa kazini?  Nalianya alikwenda mlangoni akasimama na wenzake, na mimi nilimheshimu siku hiyo kuliko miaka yote aliyotoka jasho dirishani.

Ndipo Nasike, kutoka kiti cha nyuma, alipomwambia Nzivo kwamba na yeye atoe maoni. Kumbe kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwuliza! Nzivo aliiweka maikrofoni chini. Alisema alipofika lango la mahakama askari alimwuliza jina la mama aliyefuatana naye, na yeye, kwa woga, alikuwa amelisahau. Jina la Nasike, analoliita kila siku. Alisimama pale kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka Nasike akajitaja mwenyewe. Kwa hiyo asisifiwe na mtu. Na kuhusu dereva, alisema dereva alikosea. Hakukosea kwenda, alikosea kupita mbele ya milango yote ile bila kugonga hata mmoja, akidhani huo ndio uanaume. Pengine wangekataa. Pengine mmoja angetoka. Sasa hatutajua, akasema, kwa sababu hakugonga. Akachukua fagio, akaanza kufagia maganda ya njugu, na watu wakatoka polepole.

Sasa nifike kwenye ya kuaga, maana Bwana Kweyu ananitazama. Nimeambiwa niandike kwamba Mzee Nzivo anakwenda kupumzika Kathonzweni. Mke wake, Mama Wanza, yuko hapa leo, amevaa vizuri, na watoto wao wamekodi gari la mizigo la kesho asubuhi. Wote wanataka awe amevuka Machakos kabla jua halijawa kali. Yeye hajasema ndiyo. Tangu wiki iliyopita ninamwona akipiga pasi lile koti lake, na mizigo yake haijafungwa. Mama Wanza alikuja ofisini kwangu Jumatano, akafunga mlango, akaniuliza kama mume wake ana mpango wa kubaki mpaka tarehe kumi na sita. Nikamwambia sijui. Akalia kimya kimya, akijifuta na ncha ya leso, na mimi nikashindwa hata kumpa maji.

Kwa hiyo, Mzee, jambo hili nalisema mbele ya watu wote waliokuja kula keki yako. Kazi yako imeisha. Kuanzia leo hakuna mtu, wa dirishani wala wa mlangoni, atakayesema kwamba ni kazi ya Nzivo, kwa kuwa Nzivo hana kazi tena. Ni mzee wa watu aliyestaafu, mwenye mke anayemngoja na mgongo unaouma.

Na uligonga milango. Ulichelewa kuona ikifunguka, lakini imefunguka. Usiku wa juzi, nilipomaliza kuandika nusu ya ukurasa huu, nilimpigia Mama Ndambuki simu. Anaogopa. Nikamwambia mimi naogopa zaidi, nina kiberiti cha mezani. Akaniuliza nitavaa nini. Tutakwenda na Nasike, sisi wawili, na tutarudi naye. Tutakwendaje sisemi, gari la mkate limeshajulikana. Binti wa Donholm amesema atatukuta huko. Bwana Kweyu amenipa ruhusa ya siku moja, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na Mungu ambariki kwa hiyo. Nalianya anasema atakuja, tutaona. Wengine mlioko humu bado mna wiki mbili za kupata ugonjwa wa tumbo au kupona, na sitamwangalia mtu vibaya, maana hata sasa ninavyosoma haya ninajua kuna viti viwili vya nyuma vyenye watu ambao hatukuwaalika.

Nasike amenituma nikwambie uende. Anasema Mama Wanza amengoja vya kutosha, na kwamba yeye Nasike jina lake analijua vizuri, akiulizwa langoni atalitaja mwenyewe.

Tunakushukuru kwa viti, kwa milango, kwa farasi wenye majina ya Kikamba, na kwa kutufokea. Mungu akupe uzee mrefu wenye siku za kuchosha, siku ambazo jioni mtu akikuuliza kulikuwa na nini, unajibu hakukuwa na kitu. Panda gari kesho, Mzee wetu, na mkeo kando yako. Na tarehe kumi na sita, tafadhali, usiamke mapema.

Millicent Muhonja
Karani, Ukumbi wa Jamii wa Tujenge